Mjomba wa Ng'ambo ya Korongo

Nitakayoandika hapa yalinitokea mimi mwenyewe, mchana, nikiwa nimekula na nimeshiba. Sikuwa na homa na sikuota. Shuleni nimemweleza rafiki yangu mmoja tu, akacheka mpaka akashika ukuta, basi sikurudia tena. Mimi siongei mbele za watu. Mwalimu akiniuliza swali najua jibu lakini mdomo unagoma. Kuandika ndiyo naweza. Ukitaka kucheka cheka, ila soma mpaka mwisho.

Tunakaa Kasokola. Shamba letu la mahindi liko pembeni kabisa, likiisha linaanza pori. Si hifadhi, usije ukadhani sisi ni majangili, ni pori la kawaida ambako watu wanatundika mizinga ya nyuki. Msimu huu nguruwe pori walituandama. Wanaingia mahindi yakiwa mabichi, wanaangusha mstari mzima, halafu wanatafuna kila hindi kidogo kama mtu anayeonja mboga. Baba yuko Inyonga kwenye tumbaku, kwa hiyo mama akamwita kaka yake aje na upinde.

Huyo ndiye mjomba. Ni Mkonongo, na upinde ameanza kuushika kabla hajashika kalamu. Mimi nimepewa jina la marehemu mama yake, ndiyo maana ananiita mama. Baba ni Msukuma, basi utani hauishi. "Nyie Wasukuma mnajua kuchunga tu," huwa ananiambia. "Kitu kikianza kukimbia mnakaa chini mnakisubiri kirudi."

Jumamosi asubuhi akampiga dume moja pembeni ya shamba. Mshale ukaingia, lakini nyuma kidogo ya pale alipotaka, na nguruwe akakimbilia porini nao. Sasa nguruwe aliyejeruhiwa huwezi kumwacha. Kina mama wa kwetu wanapita humo kutafuta uyoga, na yule ana meno ya kupasua paja la mtu. Mjomba akakaa kwanza, akavuta sigara yake ya msokoto, akasema mnyama akifukuzwa mapema anakwenda mbali. Baadaye akachukua upinde na mkuki wake, akaniangalia. Mama alikuwa Mpanda sokoni. Nilikuwepo mimi tu.

"Twende, mama. Leo unakuwa mwanaume."

Kufuata damu ni kazi ya watu wawili, sikujua. Mmoja anasimama juu ya tone la mwisho lililoonekana. Mwingine anazunguka mbele kutafuta tone jingine. Akilipata anaita, aliyesimama anasogea, ndivyo mnavyokwenda. Aliyesimama haruhusiwi kuondoka hata nyoka apite, kwa sababu akiondoka njia yote imepotea.

Tulikwenda hivyo muda mrefu tu. Kusema kweli nilianza kufurahia. Ndipo mvua ikaja. Mvua ya kwetu haianzi kidogo kidogo, inakuja ikikimbia juu ya majani, unaisikia kabla haijakugusa. Mjomba akafanya kitu haraka sana. Aliuinamisha upinde kwa goti, akavua uzi, akauzungushia kipande cha nailoni, akauweka chini ya kofia yake ya sufu. Upinde ukanyooka, akaushika kama fimbo ya kutembelea.

"Uzi ni mshipa wa ng'ombe," akasema. "Ukilowa unalegea, mshale unaangukia vidoleni. Hakuna mwindaji anayetembea na upinde umekazwa kwenye mvua. Hata mlevi."

"Sasa ukikutana naye utamfanyaje?"

"Nina mkuki. Na nina mbio."

Tulikuwa tumefika karibu na korongo, chini ya mninga mkubwa. Damu ya mwisho ilikuwa kwenye jani, na maji yalikuwa yanaifuta tukiiangalia. Mjomba akaniambia nisimame hapo hapo. "Damu itakwisha, wewe ndiye alama. Nisipokukuta hapa sitajua nianzie wapi. Usiondoke." Akaondoka kwa kufuata ukingo, upande wetu, hakuvuka. Huo upande naomba uukumbuke.

Nikabaki. Giza likawa la saa moja jioni wakati ilikuwa mchana. Nilichokuwa nawaza ni kimoja tu, kwamba mjomba ana mkuki tu, na nguruwe yuko humo amekasirika, na nikisikia kelele sitajua la kufanya. Umewahi kumsubiri mtu ukijua pengine harudi? Unaanza kuhesabu makosa yako yote kwake.

Ndipo nikasikia, "Mama."

Sauti ilitoka ng'ambo ya korongo. Nikaangalia, mjomba amesimama pale kwenye nyasi, na kofia yake ya sufu, na shati lake la kijani. Nilishukuru, wewe acha tu. Nusura nilie.

"Vuka, mama. Nimeumia mguu. Nguruwe amelala huku."

Korongo lilikuwa na maji ya kufika kwenye vifundo. Siyo kitu. Nikavua kandambili, nikashika mzizi, nikaanza kushuka. Mguu mmoja tayari ulikuwa kwenye matope. Nikainua macho ili nione pa kukanyaga upande wa pili, nikamwona vizuri.

Mkononi alikuwa na upinde. Siyo fimbo. Upinde, umepinda, umekazwa uzi.

Niamini, kwanza sikuogopa. Nilifikiri labda mvua imepungua kwake, au alikuwa anataka kumpiga nguruwe, au mimi ndiye sijaelewa. Si unajua ukiwa mtoto mbele ya mtu mzima, kosa unalitafuta kwako kwanza. Lakini mguu wa pili ulikataa kushuka.

"Mjomba, njoo wewe," nikasema. Sijawahi kumwambia mkubwa hivyo maishani mwangu.

Akacheka. Kicheko kilikuwa chake kabisa, kile cha kuishia na kikohozi. "Tangu lini mtoto anamwita mkubwa? Ndivyo mnavyofundishwa sekondari? Nimeumia, nakuita, unasimama hapo kama mgeni. Mama yako akisikia umeniacha porini utamwambia nini?"

Nikaanza kulia. Maana ingekuwa kweli je? Kama ni yeye, ameumia, na mimi nang'ang'ania mzizi kwa sababu ya uzi? Nililegeza vidole. Nakueleza ukweli, nilivilegeza. Halafu nikasikia mdomo wangu unauliza, taratibu, kama ninavyojibuga darasani nikilazimishwa:

"Mjomba, huo uzi haulowi?"

Aliuangalia upinde kama mtu anayeonyeshwa kitu mkononi mwake kwa mara ya kwanza. Kisha akauvuta uzi kwa kidole kimoja na kuuachia. Ulilia. Mlio mkavu, mkali, niliusikia katikati ya mvua yote ile. Na hapo ndipo niliona kwamba shati lake halikuwa limeshikana na mwili. Lilikuwa linapepea. Nyasi zote zimelala kwa maji, yeye amesimama katikati yake mkavu kama mtu aliyetoka ndani sasa hivi.

"Vuka," akasema. Safari hii hakuniita mama.

Nilipanda ule ukingo kwa magoti na kucha. Sijafika juu vizuri nikasikia ardhi inanguruma. Maji yalikuja kutoka juu ya korongo yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, na magogo ndani yake, na mzinga wa nyuki wa mtu unabiringika. Ule mzizi niliokuwa nimeushika ulipita mbele yangu ukiwa na kipande chake cha ukingo. Kandambili zangu nazo zilikwenda. Nilipoinua kichwa, ng'ambo hakukuwa na mtu.

Nilirudi kwenye mninga nikasimama pale pale nilipoambiwa.

Mjomba alikuja kutoka nyuma yangu, upande wetu, amelowana mpaka anachuruzika, ameshika mkuki na ule upinde ulionyooka kama fimbo. "Amekufa, mama. Yupo kichakani hapo mbele. Mbona huna viatu?"

Nikaokota jiwe. "Usinisogelee. Vua kofia."

"Nini?"

"Vua kofia, mjomba."

Alinitazama, akatazama jiwe, akavua. Upara wake ukapigwa na mvua. Nailoni ilikuwa pale, na uzi ndani yake. Nikamsogelea, nikalishika shati, likatoa maji. Lilinuka jasho na tumbaku. Nikalia kwa sauti, nimemkumbatia kiunoni, naye anasema, "Sasa nivae kofia au nisubiri ruhusa?"

Nilipomweleza hakucheka. Alitazama yale maji yanavyopita korongoni. Akasema warina asali wa zamani walikuwa wanalizungumzia jambo hilo, mtu wa ng'ambo, lakini hakuna aliyejua anafananaje akikaribia, kwa sababu waliovuka hawakurudi kueleza. Halafu akanishika mkono, mkubwa mzima akanishika mkono kama ninaanza chekechea, tukarudi nyumbani. Nguruwe tulimwacha. Fisi walimmaliza usiku huo, na wala hakuna aliyesikitika.

Mama alipotuona alianza kugomba kuhusu kandambili, akaona uso wa kaka yake, akaingia jikoni. Alinikorogea uji wa moto akakaa ananiangalia ninavyokunywa. Sijawahi kunywa uji mtamu vile.

Tangu hapo nina mambo mawili matatu ambayo hayajaniacha. Mtu akiniita kwa mbali siitiki, namsubiri afike. Shuleni wanasema naringa. Waseme. Mvua ikinyesha nikiwa darasani huwa naangalia nani ameingia na nguo kavu. Na jambo jingine ni zuri kidogo, siku hizi nauliza. Mwalimu mwenyewe ameshangaa. Mjomba naye anakuja bado na upinde wake, ila wingu likitanda tu anarudi nyumbani, na kabla hajaingia mlangoni anavua kofia mwenyewe bila kuambiwa.

Wewe unayesoma, kama unakaa karibu na pori, au hata kama hukai, nisikilize. Ukiachwa mahali ukaambiwa subiri, subiri. Akitokea wa kukuita kutoka upande mwingine, hata awe na sauti ya baba yako, mwambie aje mpaka ulipo umshike. Akisema huna adabu, mwache aseme. Akikasirika, mwache akasirike. Mimi nilikosa adabu siku moja, na leo nipo, naandika, nje kunanyesha, na mjomba yuko sebuleni anabishana na mama kwamba mboga haina chumvi.