Sanduku Lisilo na Tundu

Ukitaka kumpandisha Wekoye mori, mwambie sanduku lake lina tundu. Mengine yote atakusamehe. Mwambie ni mfupi, mwambie anaimba vibaya kanisani, atacheka tu. Lakini sanduku! Amelehemu masanduku ya bati nyuma ya soko la Bungoma tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na watoto waliobeba masanduku yake kwenda shule za bweni sasa wanamletea watoto wao. Ana namna yake ya kuyapima. Likikauka rangi, analibeba hadi juani, anaingiza kichwa ndani, anajifunika, anatulia humo kama mtu anayesali. Akiona hata nuru ya ncha ya sindano, sanduku linarudi motoni. Wapita njia hucheka. Yeye hana habari nao.

Huyo ndiye mtu aliyekataa kwenda kwa harusi ya binti yake Joan.

Sababu? Ati watu wa Ngige, bwana harusi, walifika kwake na tarehe ya harusi ikiwa tayari imepangwa. Hawakumuuliza. Ngige mwenyewe ni kijana mpole wa Kitale, wa wale Wakikuyu ambao babu zao walihamia Trans-Nzoia zamani wakalima mahindi mpaka wakawa wenyeji. Wekoye hakuwa na neno naye. Kilichomchoma ni ile tarehe. "Nimeambiwa siku kama kibarua anayeambiwa aje Jumatatu!" alifoka, na siku ilipofika, mkewe Wilkista alivaa gauni lake la manjano akaenda Kitale peke yake. Wekoye alishinda kibandani akigonga bati. Bana, huyo mzee ana kichwa kigumu.

Baadaye ukaja ukimya. Joan hakupiga simu kwa baba, baba hakupiga kwa Joan. Habari zilipitia kwa Wilkista, naye ndiye aliyeleta ile ya kompyuta. Joan na Ngige walikuwa wakihamia mtaa wa Matisi, hapo Kitale, sipiyu ya kompyuta yao ikaanguka kutoka kwa bodaboda, na lori likapita juu ya ubavu wake. Vitu vya ndani vilipona kwa bahati, ila kasha lenyewe lilikunjika vibaya. Na hiyo kompyuta ndiyo jembe la Joan: anapanga picha na video za harusi za watu, anatengeneza vijitabu vya mazishi.

"Kasha ni kitu gani?" Wekoye akauliza, akijifanya hajali.

"Si ni sanduku tu," Wilkista akajibu.

Weh! Mzee alikuwa wima kabla mkewe hajamaliza kusema. Maskini, alikuwa akitafuta mlango wa kurudi kwa mwanawe bila kusema samahani, na sasa mlango huu hapa, wa bati! Alitengeneza sanduku jipya la hiyo kompyuta kwa siku kadhaa, akaweka vyuma vya kushikilia mitambo ndani, akalipaka buluu, akachora ua jekundu mbele. Kufuli juu. Nyuma aliacha upenyo mmoja wa nyaya, nao akauziba kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, mende asipite. Akaingiza kichwa, akajifunika. Giza totoro. Akatabasamu humo ndani.

Alilipeleka Matisi mwenyewe. Joan alipofungua mlango na kumwona babake amebeba sanduku begani, alilia. Ngige alilitazama lile sanduku upande huu na upande ule, akameza mate, akasema, "Asante sana, Mzee. Ni safi." Basi kuanzia hapo Wekoye akawa mgeni wa Matisi. Akipeleka masanduku kwa maduka ya Kitale, lazima apitie. Kila mara alikuta sanduku limefungwa, linang'aa, na kila mara aliuliza, "Linafanya kazi?" Nao wakajibu kwa pamoja, "Sana."

Siku moja, baada ya chakula cha mchana, alijikuna shingo, akakohoa.

"Joan, mama. Ile... ile siku yenu. Mama yako anasema iko humo ndani ya kompyuta. Hebu niwekee nione."

Joan aliganda na sahani mkononi. Akamtazama Ngige, Ngige akatazama sanduku.

"Tungekunywa chai kwanza, Mzee," Ngige akasema haraka haraka.

"Chai itaningoja."

Wakawasha. Na hapo kwenye kioo, jamani, Wilkista wake kwa gauni la manjano, anacheza kama msichana! Wekoye akapiga makofi. Akaona mashemeji, akaona maua, akaona kanisa limejaa hadi nje. Feni ndani ya sanduku zilikuwa zikilia kwa sauti iliyozidi kupanda, Joan akiuma kucha, lakini mzee hakusikia lolote. Mlango wa kanisa ulifunguliwa, na Joan akasimama pale peke yake, shela hadi sakafuni. Mchungaji akainua uso.

"Ni nani anamleta binti huyu?"

Kioo kikawa cheusi. Tii!

"Stima imepotea?" Wekoye akaruka. Lakini taa ya ukutani ilikuwa inawaka. Alinyoosha mkono kushika sanduku lake, akaurudisha mbio. "Wololo! Nani amewasha jiko humu?"

Alifungua kufuli, akainua kifuniko, na joto likampiga usoni mpaka akafumba macho. Humo ndani kulinuka rangi yake mwenyewe, imeanza kuungua.

"Imekufa?"

"Haijakufa, Mzee," Ngige akasema. "Hujizima ikizidiwa na joto. Ikipoa inawaka tena. Feni zinazunguka, lakini hewa ni ile ile. Haina pa kuingia, haina pa kutokea."

"Imeanza lini?"

Kijana akainamisha kichwa. "Tangu siku ile uliyolileta sanduku. Huwa tunafanya kazi kifuniko kikiwa wazi. Tukisikia unakuja, tunafunga."

Yaani miezi yote hiyo! Yeye anauliza, wao wanasema sana, sana, na wote wawili wanajua! Hasira ikampanda Wekoye. "Mnanifanya mtoto mdogo? Mimi? Kwa kazi yangu mwenyewe?"

"Baba, ningekuambia nini?" Joan akalipuka, na sauti yake ikakatika katikati. "Hukukuja harusini. Hukukuja tukihamia. Ukakuja na sanduku! Nikuambie ati linaua kompyuta? Si ungebeba sanduku lako urudi Bungoma, na nisikuone tena?"

Hasira ilimtoka mzee palepale. Alitaka kusema hapana, singefanya hivyo. Lakini angefanya. Alijijua. Hilo lilimshtua kuliko lile joto.

Kisha akasema, "Nyundo mnayo? Na msumari mnene."

"Tunaweza kuacha kifuniko wazi tu, Mzee," Ngige akasema.

"Nimesema nyundo."

Walitoa vitu vyote, Ngige akavipanga kitandani kwa uangalifu. Wekoye akaweka sanduku magotini, akashika msumari juu ya lile ua jekundu, na mkono ukagoma. Kweli uligoma! Maisha yake yote alikuwa anaziba. Akafumba macho, akapiga. Kisha akapiga tena.

"Tundu za mbele ziwe chini," Ngige alimwelekeza, "feni moja ivute hewa baridi hapo. Za nyuma ziwe juu, feni nyingine isukume moto nje. Joto lenyewe hupenda kupanda."

"Kama moshi jikoni."

"Hivyo hivyo, Baba."

Ni mara ya kwanza kijana kumwita Baba. Wekoye alijifanya hakusikia, akaendelea kugonga. Walipomaliza, feni zimefungwa kwa waya, sanduku lilikuwa limetobolewa mbele na nyuma kama chujio la chai. Wakafunga kifuniko, wakawasha. Mzee akaweka kiganja nyuma. Hewa ya moto ikatoka, ikaendelea kutoka. Akaweka kingine mbele, akahisi ubaridi ukivutwa ndani.

"Khane! Kumbe linapumua," akasema.

Joan akarudisha ile video pale ilipokatika. Mlango wa kanisa. Shela.

"Ni nani anamleta binti huyu?"

Wajomba wakatazamana. Mmoja akaanza kuinuka, na Joan wa kwenye kioo akamzuia kwa mkono.

"Tungoje kidogo, Mchungaji. Baba yangu anakuja."

Kwenye kioo watu walikaa. Wakatazama saa. Mtoto akalia, akatolewa nje. Wilkista, yule aliyekuwa akicheza, sasa alikuwa ameinamia mikono yake. Hakusema kitu kuhusu hili, Wilkista, hata siku moja! Na Joan amesimama tu pale mlangoni, kila gari likipita nje anageuza shingo.

"Ruka hapo, mama," Wekoye akasema kwa sauti ndogo.

"Hapo siruki, Baba. Tulingoja."

Alitazama lile sanduku, akaomba, Mungu amsamehe, lipate moto lizime. Feni zilivuma taratibu. Bati lilikuwa baridi. Halikuzima.