Mkebe wa Kura wa Darasa la Tano

Rafiki yangu, nusura niangushe sinia la uji nilipoiona ile picha.

Ilikuwa Jumatano asubuhi, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi huku ughaibuni, mjini Fridley. Mama mmoja mzee alikuwa ameletwa juzi yake, miguu haimbebi tena. Mwenzangu wa kutoka Nakuru alinidokeza tukiwa koridoni: "Wee, huyo wa room ya mwisho usimchukulie poa. Alikuwa politician huko Ireland. Diwani, akawa mbunge, mpaka waziri! Alipo-lose kiti ndio akakuja kukaa na binti ya dada yake hapa Saint Paul." Nikasema haya, waziri au si waziri, uji ni ule ule.

Ukutani walikuwa wametundika picha zake: anaapishwa, anakata utepe, anahutubia watu wenye miavuli. Chini kabisa ilikuwepo moja ndogo, ya watoto wenye sweta za kijani mbele ya darasa la mabati, na msichana wa mstari wa mbele amefumba jicho moja kwa sababu ya jua. Msichana huyo ni mimi. Niliketi kitandani mwa mgonjwa, jambo tunalokatazwa kabisa.

Wewe uliyekulia Nyandarua unaijua baridi ile. Tulikwenda shule miguu mitupu juu ya sakitu, ule umande ulioganda, kila mtoto na kijiti chake cha kuni kwapani kwa ajili ya jiko la shule. Kufikia somo la pili harufu ya githeri, mahindi na maharagwe yakichemka pamoja, ilikuwa imeingia darasani, na hakuna aliyesikia hesabu tena. Mwalimu wetu alikuwa mwanamke kijana wa kutoka Ayalandi, mwenye madoadoa usoni, aliyeendesha baiskeli kwenye matope na kusema Kiswahili kilichonyooka kama mstari wa rula.

Siku hizo hata watu wazima walipiga kura kwa mlolongo, yaani ulipanga foleni nyuma ya mtu wako mchana kweupe, na chifu akiangalia. Nasi tulichagua kiranja vivyo hivyo. Mwaka ule tuligombea wawili, mtoto wa chifu na mimi. Nani angethubutu kusimama nyuma yangu, na boma la chifu limepakana na shule?

Mwalimu akaleta mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, akauweka nyuma ya ubao. Mahindi yalikuwa kura za mtoto wa chifu, maharagwe yalikuwa zangu. Tuliingia mmoja mmoja, ngumi imefungwa. "Kura ni kama sala," alituambia. "Funga mlango kwanza." Matokeo yangetangazwa jioni, kwenye gwaride.

Basi mimi na mdomo wangu! Wakati wa mapumziko nilitumwa maziwa ya chai ya walimu kwa mke wa chifu, na kabla chupa haijajaa nilikuwa nimekwisha kujigamba kwamba leo hakuna mlolongo, kwamba mwalimu ana mkebe na hakuna atakayejua nani kanichagua. Baada ya chakula cha mchana chifu akaja na askari wawili. Aliupindua mkebe, haukuwa na hata punje moja. Akatupanga mlolongo palepale, na sote tukasimama nyuma ya mwanawe, hata mimi. Ijumaa mwalimu alipakiwa kwenye pikapu ya misheni, hakurudi. Nyanya yangu alinitazama akasema, "Ulimi hauna mfupa, lakini wako umemvunja mtu mgongo."

Tangu hapo nimebeba vitu viwili: aibu ya kumfukuzisha mwalimu, na kiburi cha siri kwamba nilishinda nikaibiwa. Sasa yuko mbele yangu, na Jumamosi wanamrudisha Ayalandi akafie kwao. Nilikuwa na zamu moja tu iliyobaki.

Alhamisi, nikimvisha soksi, nilimwambia yote kwa Kiswahili bila kuinua kichwa. Kisha akasema, polepole, "Wewe ni yule wa maharagwe. Nilijua, mtoto. Nani mwingine alitumwa maziwa?"

Nililia, usinicheke. Kisha nikamuuliza kura zilikwenda wapi.

"Nilizihesabu mlipokuwa mapumzikoni, nikampelekea mpishi azitie sufuriani. Mlizila mchana ule."

"Na nani alishinda?"

"Mtoto wa chifu. Kwa kura nne."

Nikabaki na soksi mkononi.

"Walimpenda," akasema. "Baba yake hakuwa na haja ya kuogopa. Jambo hilo liliniudhi sana, nikaenda nalo kwetu, nikagombea. Na siku niliposhindwa nilimpa mkono aliyenishinda, nikaenda nyumbani nikachemsha mahindi na maharagwe." Akacheka mpaka akakohoa, nami nikacheka naye nikiwa nimepigwa na butwaa.

Amekwenda sasa. Shule ile, nasikia, imejengwa kwa mawe, na jiko la kuni limevunjwa. Lakini kinachoniuma si jiko. Ni yule mtoto wa chifu, aliyekuwa akivunja muwa wake vipande akiwagawia wenzake, hata mimi. Nilimwita mwizi wa kura hadi darasa la nane, nikawafundisha wengine wamwite hivyo, naye akawa anainamisha kichwa tu kwa sababu aliamini kwamba kweli ushindi ulikuwa wangu. Tulimzika miaka mingi iliyopita. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba siku ile, mlango ukiwa umefungwa, tulimchagua yeye.