Jiwe la Kukalia Shambani kwa Mjane

Nasikia huko pwani ya Uingereza mwandishi akifa, nyumba yake hupakwa rangi, na watu wakaja kwa mabasi kutazama kiti alichokalia. Mimi bado mzima, na kiti changu kimeshachimbwa.

Nilikuwa nafundisha sekondari huku Mwakitolyo, na chumba nilichopanga kilipakana na karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Ikianza kunguruma, hata jina lako unalisahau. Nami nilikuwa na riwaya, ya kwanza, imenikwama kooni. Mtu wangu, yule wa kwenye riwaya, aliondoka nyumbani kwenda kutafuta maisha, na sasa nilishindwa kumrudisha. Kila nikimfikisha mlangoni, anageuka. Mke wangu alishamchoka. "Muue basi, tupumzike," aliniambia.

Nikapata jiwe. Lilikuwa bapa, katika shamba la viazi la mama mmoja mjane, aliyenikubalia nikae mradi nisikanyage matuta. Kila jioni nilikwenda pale na kalamu, nikainamisha kichwa, nikaitazama ardhi. Maneno yakija naandika, yasipokuja naendelea kuitazama ardhi. Nilikuwa na raha jamani.

Nilichosahau ni kwamba huku kwetu mtu mzima haitazami ardhi bure. Kwanza walikuja vijana wawili, wakakaa mbali wakijifanya wanavuta sigara. Kisha wakaja na sururu. Siku moja natoka shule, nakuta rashi, yaani kundi la watu waliokimbilia dhahabu: maturubai kila kona, mama lishe ameshabandika maharage, na jiwe langu limepasuliwa, vipande vinasubiri karasha. Mama mwenye shamba, ambaye kwa desturi hupata mgawo wa mwenye ardhi, alinipokea kwa kicheko.

"Mwalimu, ungesema mapema, nisingehangaika kupanda viazi."

Niliapa kwamba pale nilikuwa natunga kitabu. Wakacheka kwa adabu, na mmoja akanisifu kwa kujua kutunza siri.

Wakachimba mpaka wakachoka, hawakupata hata punje. Rashi ikahama, mama lishe akiwa wa kwanza. Akabaki mwenye duara, yaani mwenye lile shimo, mtu wa rika langu kutoka Ushirombo, ambaye ana miaka hajakanyaga kwao. Alinikuta nimekaa juu ya kifusi, nimenuna.

"Mwalimu, wenzangu wameshaondoka. Niambie mimi tu. Ulikuwa unatafuta nini hapa?"

Nikamweleza habari za mtu wangu, na jinsi anavyofika mlangoni akageuka.

"Kwa nini haingii?"

"Hana kitu mkononi. Anaona aibu."

Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Alikaa karibu yangu, akawa anabandua udongo uliokaukia viganjani.

"Ana watoto?"

"Anao."

"Basi andika watoto wasimuulize kitu," akasema. "Wamwamkie tu. Shikamoo baba. Iishie hapo."

Nikaandika hivyo, palepale juu ya kifusi, na mtu wangu akaingia ndani. Machozi yalinilenga, sikuyaficha. Nilipoinua kichwa nimshukuru, alikuwa anakunja turubai lake.

Nikamuuliza rashi imehamia wapi safari hii.

"Mimi naenda Ushirombo," akasema.