Jumapili Yetu, Jumatatu Yao

Tepaeru hakupenda kufanya kitu mara mbili. Nimekaa naye ofisi moja hapa Oneroa miaka kumi na tisa, meza yake dirishani, yangu mlangoni penye upepo, na sijaona mtu mwenye uchu wa kuokoa dakika kama yule. Kazi yangu mimi ni matangi ya maji na pampu. Yeye ndiye barua za kisiwa kizima. Mtu wa Mangaia, kisiwa chetu hiki, akitaka kitu Rarotonga, kisiwa kikuu, au Auckland ng'ambo ya bahari, iwe saruji, iwe meno ya bandia, anapitia kwake.

Kila alipogundua ujanja mpya ndani ya kile kikasha chake cha barua pepe, aliniita. "Poroa, njoo uone, acha kukaa kama gunia." Nami nilikwenda nimenuna, maana nilijua nitapotezewa nusu saa nikionyeshwa jinsi ya kuokoa sekunde tano. Alikuwa na majibu yaliyokwisha kuandikwa, unabonyeza mara mbili tu barua imejaa. Alijua kuivuta nyuma barua iliyokwisha kutumwa, mradi sekunde thelathini hazijapita. Alijua kuandika barua leo na kuipangia siku ya kujituma yenyewe, hata mwezi ujao. Na alijua kuahirisha: barua iliyoingia unaiondoa mbele ya macho, nayo inarudi siku na saa uliyoitaka. Yeye siku zote aliahirisha hadi saa kumi na mbili kamili asubuhi, saa anayowapa nguruwe chakula. Alinifundisha na mimi, na mimi nikawa naahirisha hadi saa moja na nusu, ninapofika na chupa yangu ya chai.

"Na hizo dakika unazookoa unazipeleka wapi?" nilimuuliza siku moja.

"Nazila," akasema, bila hata kugeuza kichwa.

Sasa hili la kufunga barua Jumapili lilianza kanisani. Kaka yake, Mzee Teokotai, ndiye shemasi wetu, na ndiye aliyemlea Tepaeru tangu wazazi wao walipofariki, kwa hiyo neno lake kwa yule dada lilikuwa amri. Miaka sita iliyopita simu ya Tepaeru ililia katikati ya sala, barua ya mtu wa saruji. Mzee alimngoja nje penye kofia zote nyeupe za akina mama, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Siku sita Mungu amekupa wewe. Hii moja mwachie mwenyewe."

Tepaeru aliona aibu kubwa. Kesho yake alichimba ndani ya mipangilio ya kikasha, kule chini kabisa ambako hakuna anayefika, akapata kitu cha kusimamisha barua. Akakiwasha. Tangu siku ile, barua yoyote iliyoingia Jumapili ilizuiliwa mahali isipoonekana, haikulia, haikuwaka, hadi Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Aliyeandika alipata jibu la kujiendesha: "Asante. Ofisi imefungwa. Tutakujibu Jumatatu asubuhi." Mzee alipoambiwa alifurahi mno, akamsifia dada yake mbele ya kanisa. Mimi nilipiga makofi pamoja na wengine, sikatai.

Mwaka jana moyo wa Mzee ulianza kumchoka. Miguu ilivimba, akawa hawezi kulala chali, analala amekaa kwenye kiti cha baraza na blanketi magotini. Daktari aliyepita hapa alisema waziwazi: kuna kilango ndani ya moyo kimeharibika, kibadilishwe Auckland, na kibadilishwe kabla ya Septemba. Kisha akakunja kifaa chake cha kusikilizia moyo. Tepaeru alimwandikia kila mtu. Nguvu zake zote alizitia kwenye zile barua, na mimi nilimwona akifuta machozi kwa mkono mmoja huku mwingine ukichapa.

Alhamisi moja ya Julai jibu likaja. Hospitali ya Auckland ilisema Mzee yuko wa kwanza kwenye orodha. Kitanda kinaweza kupatikana siku yoyote wiki ijayo. Watatuma barua, na ni lazima ijibiwe siku hiyohiyo kabla ya saa kumi jioni, la sivyo kitanda anapewa wa pili. Simu ya nyumbani kwa Mzee ilikuwa imekufa, panya wametafuna waya, hivyo kila kitu kingekuja kwenye kikasha cha Tepaeru.

Alicheka siku ile, mara ya kwanza baada ya miezi. Akaketi akaandaa kila kitu mapema: jibu la kukubali, barua ya kuomba nafasi kwenye ndege, barua ya binamu wa Otara, kulekule Auckland, aende kumpokea. Halafu nikamwona anaandika nyingine, ndefu kidogo.

"Hiyo ya nani tena?"

"Ya kuwashukuru. Nimeipanga ijitume Ijumaa ya wiki tatu zijazo. Wakati huo nitakuwa nimechoka, nitasahau, watatuona hatuna adabu."

"Unashukuru kabla hujapewa?"

"Poroa, nenda kwenye matangi yako."

Nilikwenda. Lakini njia nzima hadi Tamarua nililifikiria jambo lile.

Ijumaa ikapita kimya. Jumamosi tulichimbua taro, magimbi yetu ya huku, tukawasha tanuri la mawe. Jumapili tukaenda kanisani. Mzee alibebwa na kiti chake, akawekwa karibu na dirisha, na nyimbo zilipopanda aliimba sauti ya chini kama kawaida yake, ila kila mstari wa pili aliukosa kwa kutafuta pumzi. Tepaeru alikaa nyuma yake akimpepea. Mkoba wake ulikuwa magotini, simu imo ndani, imewashwa, ina chaji. Haikusema neno. Tukala majani ya taro kwa tui kwao mchana, Mzee akaonja vijiko viwili. Jioni, kama saa kumi na mbili, tulikuwa barazani tukiangalia watoto wakirudi kanisani mara ya pili, na Tepaeru akasema, "Kesho ndiyo wiki yenyewe inaanza." Akamfunika kaka yake blanketi.

Jumatatu nilimkuta ofisini kabla yangu. Hakuwa amekaa. Alikuwa amesimama mbele ya kompyuta, mkono mmoja hewani, anahesabu kwa vidole.

"Poroa. Jana kwao ilikuwa siku gani?"

"Jumatatu," nikasema. "Lini haikuwa Jumatatu? Wao wako mbele yetu karibu siku nzima, mstari wa tarehe uko kati yetu, hata mbuzi wa hapa wanajua."

Na nilipokuwa nasema hivyo nikaelewa, nikatamani niyarudishe maneno mdomoni. Barua iliandikwa Auckland Jumatatu saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Kwetu ilikuwa Jumapili, saa sita kasoro dakika ishirini, tunatoka kanisani. Kitanda kimepatikana, tafadhali jibuni kabla ya saa kumi jioni. Saa kumi yao ni saa kumi na mbili ya kwetu, pale barazani, anapomfunika blanketi. Siku yao nzima ya kazi ilikuwa imelala ndani ya Jumapili yetu, na yeye Jumapili alikuwa ameifunga kwa mkono wake. Kikasha kiliitoa barua ile saa kumi na mbili asubuhi, kama alivyokiagiza. Miaka sita tunaandikiana na watu wa Auckland, na si yeye, si mimi, si mchungaji, hakuna aliyewahi kulifikiria jambo hilo.

Kule kulikuwa bado hakujapambazuka. Tulisubiri hadi saa nne yetu ndipo wakapokea simu. Aliyepokea alikuwa binti, mgeni kazini, mpole kabisa.

"Lakini mama, nilipata jibu lenu," alisema. Simu ilikuwa kwenye spika, nilimsikia vizuri. "Liliniambia mtajibu Jumatatu asubuhi. Na ilikuwa Jumatatu asubuhi. Nikasema ngoja nisiwasumbue kwa simu, wako njiani kujibu. Nilingoja mpaka saa kumi."

Tepaeru alisema, "Asante, mwanangu." Akauliza kinachofuata. Wiki sita, akaambiwa, labda saba.

Tulikwenda pamoja kumwambia Mzee. Dada mtu alishindwa kuanza, ikabidi niseme mimi, na nilisema vibaya, kwa kukurupuka. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamtazama Tepaeru.

"Nani alikuambia ufunge Jumapili?"

"Wewe, kaka."

"Basi usilie."

Akafumba macho, na mimi nikawakasirikia wote wawili. Nilimkasirikia Mzee kwa siku yake moja, na dada yake kwa kuokoa dakika ambazo hakuna aliyeziomba. Nilijikasirikia na mimi kwa yale makofi. Kurudi ofisini nilimwambia Tepaeru azime kile kitu. Akasema, "Kaka mwenyewe anakitaka." Hakukizima.

Mzee hakufika wiki sita. Alifariki Jumatano ya wiki ya tatu, asubuhi, kwenye kiti chake, akiwa na kisu kidogo mkononi na taro iliyomenywa nusu. Tulimzika Ijumaa mbele ya nyumba, hatua kumi kutoka barazani, kama tunavyowazika watu wetu. Tepaeru hakulia kwa sauti. Alipanga viti, akahesabu sahani.

Jumatatu iliyofuata Tepaeru alikuwa bado kwenye matanga, nikafungua ofisi peke yangu. Nenosiri lake liko chini ya kopo la sukari, kila mtu anajua. Niliketi kwenye kiti chake nimalize barua za haraka, na ya kwanza kabisa ilikuwa ya yule binti wa Auckland, ilitumwa jana, ikazuiliwa, ikatolewa saa kumi na mbili.

Aliandika kwamba amefurahi mno kusikia habari za Mzee Teokotai. Alikuwa na wasiwasi moyoni tangu siku ile ya simu. Hakujua kwamba hospitali nyingine imempokea, na sasa anapona, anaimba tena. Alisema barua yetu ya shukrani imemliza, ameibandika ukutani.

Nilishuka chini ya barua yake nikaikuta yetu. "Tunawashukuru kwa kumrudisha kaka yangu akiwa na pumzi zake. Jumapili hii ameimba mistari yote." Ilikuwa imejituma Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, tulipokuwa tunachimba kaburi. Tulikuwa tumeisahau, wote wawili.

Kufuta sikuweza, kikasha si changu. Kumjibu binti wa watu ukweli pia sikuweza, mimi ni nani nimwondolee hiyo karatasi ukutani. Na Tepaeru angerudi kesho yake. Basi nikafanya kitu kimoja ninachokijua, alichonifundisha mwenyewe: nikaiahirisha. Jumatatu ijayo, saa moja na nusu.

Ikarudi Jumatatu. Nilikuwepo na chai yangu, nikaiahirisha tena kabla hajaingia. Na Jumatatu nyingine. Miezi minane sasa. Kila Jumapili usiku nalala vibaya nikijua asubuhi ile barua inakuja yenye furaha yake, na kwamba siku nikichelewa ataiona.

Jumatatu iliyopita pampu ya Ivirua iliharibika. Nilifika ofisini saa tatu, matope hadi magotini, chupa ya chai ya tangu alfajiri kwapani. Tepaeru alikuwa kwenye kiti chake. Hakugeuka. Nikasingizia nataka kuangalia bei ya bomba, akanipisha akaenda kusimama dirishani.

Barua haikuwepo. Nikaenda kule zinakokaa zilizoahirishwa. Ilikuwa huko, imepangwa kurudi Jumatatu ijayo, saa kumi na mbili kamili asubuhi.

Mimi sijawahi kuahirisha kitu hadi saa kumi na mbili, saa ya nguruwe.

"Pampu imepona?" aliuliza, bado ananipa mgongo.

"Imepona."

"Kunywa chai yako basi. Imeshapoa."