Mshipa Mwingine wa Ini

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo ningependa kuisahau. Nilikuwa daktari kijana wa upasuaji hapa Unguja, nimerudi masomoni kichwa hakienei kofia kwa majivuno. Wakaniletea mkwezi wa Jambiani, kaanguka mnazini, ini limepasuka.

Nilimfungua tumbo, damu ikafurika. Nikafanya nilivyofundishwa: nikalibana fungu la mishipa iingiayo ini kwa chini. Ukilibana hilo, damu hupungua. Haikupungua. Nikabana tena, nikaongeza vitambaa, nikajiambia nitaweza.

Nesi akaninong'oneza, "Daktari, nkamwite Bi Salma?"

Nikamkatalia. Bi Salma ndiye aliyekuwa mkubwa wetu, nami nilitaka asikie kwamba nimemaliza bila yeye.

Mwishowe nesi aliniasi, akaenda. Bi Salma alipoingia alitia mkono kwenye utando mwembamba baina ya mfuko wa chakula na ini, akapapasa, akakuta mshipa mwingine unapiga. Akaubana kwa vidole viwili, damu ikatulia. Baadhi ya watu wanao mshipa huo, unalifikia ini kwa njia yake, nami nilikuwa nimeusoma! Lakini mgonjwa alikwishaishiwa na damu. Moyo ulisimama hatujamshona.

"Mie nlikuwa chumba cha pili, nnakunywa chai," Bi Salma alisema huku akivua glavu. "Una mtu anakufa mkononi, jina langu likakushinda kulitamka?"

Nikatoka kumkabili mama yake mkwezi, aliyekuja moja kwa moja kutoka ufukweni, mikono bado ina chumvi ya mwani. Aliniuliza, "Ulikuwa peke yako, mwanangu?" Nikamwambia ndiyo, hapakuwa na wa kumwita. Akanionea huruma, akanishika bega. Uongo ule sikumfichulia mtu. Mke wangu kafariki bila kuujua, na leo nakaa nao peke yangu hapa mtaani Mpendae. Nina upweke, sikufichi.

Basi shika haya, wewe unayeanza kushika kisu cha upasuaji. Mficha uchi hazai. Ini la mtu halijui kitabu ulichosoma, kwa hivyo papasa kabla hujakata. Ukibana na damu isikome, usiongeze nguvu: tafuta njia nyingine inayopitia, na papo hapo muite mwenzako, hata akiwa mdogo kwako. Aibu ya kuita ni ya siku moja.

Mungu akupe vidole visikivu na ulimi usioona haya, wala asikusimamishe mbele ya mama wa mtu ukasema niliyoyasema mimi.