Mafuta Niliyoitilia Cherehani ya Mama

Wiki iliyopita niliingia na binti yangu kwenye duka moja la cherehani hapa Sumbawanga, na kabla hata sijamsalimia mwenye duka nikaanza kuhangaika. Ni ile harufu ya mafuta ya cherehani. Mnaoijua mnaijua: nyepesi, inachoma kidogo puani, haifanani na ya mafuta mengine yoyote. Binti yangu akaniuliza, "Mama, mbona hutulii sehemu moja?" Nikamwambia achague, aniache. Yeye sikumweleza. Ninyi nitawaeleza.

Nilikuwa na miaka kumi, tukiishi kijijini, jirani na Laela. Mwaka ule mahindi yalikubali, na baba akaridhia mama apate cherehani. Sasa, nyumbani kwetu mama hakuwahi kuchagua kitu kikubwa. Plau alichagua baba, baiskeli alichagua baba, mpaka rangi ya milango. Lakini safari hii baba alisema, "Mama Skola, hii kachague mwenyewe." Skola ni mimi. Basi mama siku mbili nzima hakushika kazi ikaisha; aliacha ugali motoni akatoka nje, akarudi, akasahau alitoka kufuata nini.

Tulikwenda mjini mimi na yeye. Dukani palikuwa na cherehani mbili za kukanyaga. Moja mpya, nyeusi ya kung'aa, ina maua ya dhahabu. Nyingine ilishatumika, rangi imebabuka, meza yake imeungua kwa pasi. Roho yangu ilikuwa kwenye maua. Fundi Lukasi, mzee aliyekuwa akishonea barazani pa duka lile, akamwita mama. "Mama, maua hayashoni. Zungusha gurudumu kwa kidole kimoja, halafu sikiliza."

Mama akazungusha ile mpya, ikakwaruza. Akazungusha ile kuukuu, ikateleza kimya. Akairudia mara tatu, jasho likimtoka na baridi yote ile. "Hii," akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Mimi nikanuna mpaka stendi.

Fundi alikuwa amemwelekeza vizuri. Siku za kwanza asitie uzi, akanyage tu mpaka miguu izoee. Kisha ashone kwenye karatasi yenye mistari. Na kila siku atie tone moja la mafuta kwenye kila kitundu. Akampa kichupa kidogo cha mafuta, mama akanikabidhi mimi, nami nikakitia mfukoni mwa sweta.

Jamani, mimi sijawahi kuwa mtu wa kutulia. Ndani ya basi nilisimama, nikaketi, nikapiga magoti kwenye kiti, nikachungulia dirishani kama cherehani yetu haijaanguka kutoka juu ya basi. Tuliposhuka Laela, mfuko wa sweta ulikuwa chapachapa na kichupa kitupu.

Ningesema. Lakini mama alikuwa anamwelekeza kijana wa mkokoteni namna ya kubeba kama vile kabeba mgonjwa, nikaogopa. Nyumbani nikaingia jikoni, nikalifungua dumu la mafuta ya alizeti tuliyokamua wenyewe, nikajaza kichupa. Rangi ilifanana. Mafuta si ni mafuta tu, nikajisemea, nikamkabidhi mama.

Mama akaanza kujifunza. Loo! Yeye anataka gurudumu liende mbele, miguu inalirudisha nyuma. Daftari langu la hisabati alilitoboa mstari kwa mstari mpaka mwalimu akaniuliza kama panya wa kwetu wanasoma. Lakini wiki ya pili mistari ilinyooka, na mama akatangaza kwamba gauni langu la Komunyo ya Kwanza atalishona yeye. Akanunua kitambaa cheupe.

Ule ulikuwa mwezi wa saba, na mnajua baridi ya Ufipa mwezi wa saba. Cherehani ikaanza kuwa nzito. "Labda ina kiu," mama akasema, akaongeza matone mawili badala ya moja. Kila tone lililoingia mle nililihesabu. Jumatano, zikiwa zimebaki siku nne, ikagoma kabisa. Gauni lilikuwa na mkono mmoja.

Baba alisimama mlangoni akatazama. "Si ulichagua mwenyewe," akasema. Hakusema kwa ubaya, nafikiri. Lakini mama alibaki ameketi pale, miguu juu ya kibao cha kukanyagia, hakanyagi. "Nimechagua vibaya," akasema taratibu. Nami nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake, najua kila kitu, na mdomo haukufunguka.

Kesho yake alikifungua kichwa cha cherehani, akakifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto, tukarudi Sumbawanga. Fundi Lukasi alitia kidole ndani, akanusa, akalamba. "Mama, humu ulikuwa unakaanga nini? Haya si mafuta ya alizeti haya? Yameganda mote!"

Baraza zima likaangua kicheko. Mama akageuka, akanitazama mara moja tu. Nikatazama viatu vyangu.

"Ni mimi, fundi," mama akasema. "Sikujua." Kisha akauliza haraka, "Kwa hiyo yenyewe ni nzima?"

"Nzima kabisa. Naisafisha na mafuta ya taa sasa hivi, unaondoka nayo."

Hapo mama akacheka kuliko wote. Njia nzima mpaka stendi alikuwa anajirudia, "Nzima! Nzima kabisa!"

Jumamosi nikaenda kuungama, mara yangu ya kwanza. Nilimweleza padri habari ya alizeti, naye akaniambia nikamwambie mama. Nikarudi nyumbani. Mama alikuwa anamalizia mkono wa pili, miguu inakwenda yenyewe, anaimba. Nikafika mlangoni, nikarudi. Nikaizunguka nyumba mara tatu. Nikashindwa. Jumapili nikapokea Komunyo ndani ya gauni jeupe, nikisubiri Mungu anikabe kooni mbele ya kanisa zima.

Hakunikaba, ila tangu siku ile nikisikia harufu ya mafuta ya cherehani miguu yangu haitulii. Ndiyo maana wiki iliyopita, kesho yake baada ya kwenda dukani, nilipanda basi la Laela. Mama alikuwa uani anachambua maharage. Nikamwamkia shikamoo, nikakaa, nikasema yote.

Hata hakuinua uso. "Sweta lako nililifua mimi, Skola. Mfuko mzima ulinuka mafuta ya cherehani. Fundi alipotaja alizeti, nikajua yote palepale."

"Mbona hukunichapa?"

Hapo akaniangalia, anashangaa kweli. "Nikuchape? Siku ile? Mwanangu, nilikwenda pale nikijua siwezi kuchagua kitu. Nikatoka nimeambiwa nilichagua vizuri. Wewe ningekukumbuka saa ngapi?"

Miaka yote nilikuwa nikijikunja kwa aibu kwa ajili ya siku ile, na mwenzangu anaikumbuka kwa furaha. Nilicheka mpaka nikalia.

Binti yangu, kama mnataka kujua, alichagua cherehani yenye maua. Nilimwambia azungushe gurudumu, akazungusha, akasikiliza, akasema anataka hiyohiyo. Nikaufunga mdomo wangu. Kichupa cha mafuta nilikibeba mimi, mkononi, mpaka nyumbani.