Watu Niliowapita Bila Salamu

Siku ya kwanza kazini, pale Muheza, mratibu wa utafiti alinipa karatasi nitie sahihi kwamba siri za watu sitazitoa. Mimi darasa la nne, tena la zamani. Nikasoma polepole, nikatia.

"Mzee, umeelewa?"

"Nimeelewa, mama. Nifunge mdomo."

Akacheka. "Mdomo utaufunga. Salamu je?"

Kazi yangu ilikuwa kufuatilia washiriki, yaani watu waliokubali kwa hiari yao kujaribiwa dawa mpya. Asiyefika kliniki namwendea kwake, iwe Pangani, iwe Mkwaja. Kila mshiriki ana namba. Jina limefungiwa kabatini, ufunguo kwa mratibu. Lakini sisi watu wa pwani salamu zetu hazina mwisho: hujambo, watoto je, mguu umepoa, dawa unameza? Mwenzangu mmoja alimuuliza hivyo mshiriki, mama muuza machungwa, sokoni mbele za watu, kwa adabu yake tu, na jua halijasimama yule mama hana mteja. Mratibu akatoa amri: mshiriki ukimkuta njiani, usimsalimu mpaka akuanze yeye. Nikaitwa mwenye maringo. Maringo ninayo, ila si kwa hilo.

Kisha akajiunga mpwa wangu, binti wa dada yangu wa Pangani. Ugonjwa gani, sisemi. Alikuwa kachumbiwa. Mchumba alikwisha kuelezwa na binti mwenyewe, lakini wakwe wakijua, ndoa hakuna. Na dada yangu mdomo wake hauna komeo. Akamwona bintiye akitoka kliniki, akanijia mbio.

"Kaka, mwanangu ana nini?"

"Muulize mwenyewe."

"Nakuuliza wewe! Tumenyonya ziwa moja!"

"Kazini sina dada."

"Basi na nyumbani huna."

Idi ikaja, ikapita, sahani yake haikufika kwangu. Niliumia, nikamwambia mratibu naacha kazi. Akaniuliza, "Ukiacha, siri utaiacha wapi? Si utakwenda nayo nyumbani?" Nikachukua kofia yangu, nikarudi kwenye baiskeli.

Binti akaolewa. Harusini nilikaa nyuma kabisa, nikala pilau na watu nisiowajua, na nikashiba.

Utafiti ulipokwisha, binti amepona, akamweleza mama yake mwenyewe. Dada akaja kwangu anahema.

"Kumbe ulijua!"

"Nilijua nini?"

"Hata sasa? Kaniambia yote!"

"Basi umeambiwa."

Akaketi mkekani, akajifunika kanga vizuri.

"Kaka," akasema taratibu, "mimi pia nina langu. Sijamwambia mtu. Funga mlango."

Nikafunga, nikamsikiliza.

Sasa nimestaafu. Nyinyi vijana taarifa za watu mnazifungia kwa nywila, vizuri sana, lakini nywila haijawahi kununiwa na dada yake. Nazikumbuka zile njia, na wale watu niliowapita kama siwajui. Hili la mpwa wangu ameniruhusu mwenyewe niliandike. La dada sijaruhusiwa.